Mwembe wa Dadangu Ndani ya Mashua Yetu

Ukiwaacha waliokuja kusukuma mashua, tulikuwa watu watano. Mimi, mume wangu, ambaye ndiye aliyeitaka mashua, mjomba wake, ndugu wa mamake, ambaye ndiye fundi wa vyombo kutoka Takaungu; somo yangu, ambaye ni jirani wa ukuta mmoja; na dadangu, baba mmoja mama mmoja, aliyeolewa Malindi. Majina yao ninayo yote, hata la baba wa yule fundi, lakini siyaandiki. Wajukuu zao wapo, na jambo lenyewe si la kujivunia.

Ilikuwa Kibarani, mwanzo wa miaka ya themanini. Tangu tuoane mume wangu alivua kwa chombo cha mtu. Mwenye chombo akimwita siku aipendayo na kumwacha siku aipendayo. Akasema ataunda chake mwenyewe, hapo hapo uani. Mjomba wake akaja na tezo na msumeno, akalaza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, akapandisha mataruma, ndizo mbavu zake. Halafu mbao za kufunika ubavu zikakosekana. Kiunzi kikakaa mwaka na zaidi juani, kuku wakilala ndani.

Somo yangu kila akipita huuliza, "Hilo tundu lenu la kuku, mlango wake mtauweka wapi?" Sisi tukicheka. Mume wangu hakucheka. Alianza kula akiwa amekipa kile kiunzi mgongo.

Sasa niwaeleze habari ya miti. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu huyu, na mti uliosimama juu yake ukawa wa mwengine. Marehemu baba alinipa mimi kiwanja, na nyuma ya nyumba alikuwa amepanda miembe miwili. Wa upande wa choo akasema ni wangu. Wa kisimani akasema ni wa dadangu, ili asije akawa mgeni kwao. Wosia huo tuliusikia sisi wawili na mama, na mama naye akafariki.

Basi kila msimu wa embe dadangu alishuka kutoka Malindi bila kuitwa na mtu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akachuma, akajaza vikapu vyake, akalala siku tatu nne. Mumewe alikuwa mtu mgumu, ruhusa ya kutoka hampi hovyo. Lakini mke anayekwenda kuchuma mti wake mwenyewe alishindwa kumzuia. Mume wangu alimwona kila mwaka, na kwa akili yake ni dada mtu tu anakula embe za mdogo wake.

Aliponiomba mwembe wangu nilimpa bila kufikiri. Wapasuaji mbao wakauangusha, na ndani umeliwa na wadudu, unga mtupu. Mume wangu akaketi juu ya gogo kutwa nzima. Kesho yake fundi akaugonga mwembe wa kisimani kwa mgongo wa shoka, akasikiliza, akaugonga tena. Akaniuliza, "Na huu wa nani, mwanangu?"

"Wangu," nikasema.

Nilijiambia nitamweleza dadangu kabla ya msimu, na msimu ulikuwa mbali. Nilikwenda Malindi mara mbili kwa nia hiyo. Mara ya kwanza mumewe alikuwepo. Mara ya pili dadangu alikuwa peke yake, akanipikia, akaniuliza kama mwembe wake umeanza kutoa maua. Nikasema bado. Wakati huo mbao zilikuwa zimeshapigiliwa, na fundi anaziba nyufa kwa pamba na mafuta.

Siku ya kushua, yaani ya kuiteremsha mashua majini, jamaa wa nyumba lazima wawepo. Mume wangu mwenyewe akampelekea habari shemeji yake, yaani dadangu. Ningemzuiaje?

Nilikuwa kwenye masufuria ya wali alipoingia kwa mlango wa nyuma kama desturi yake. Nikamwona amesimama kisimani, anatazama kisiki. Hakupiga kelele. Akaja mpaka kwenye mashua, akaizunguka yote, akamwamkia fundi shikamoo, akamuuliza hizi mbao ni za mti gani. Fundi akajibu kwa furaha, ni mwembe wa hapa hapa kisimani, wa mdogo wako.

"Mdogo wangu hana mwembe kisimani," dadangu akasema.

Fundi akaweka nyundo chini. Akasema hajapata kushua chombo chenye mbao ya mtu asiyetoa radhi, na uzeeni hataanza. Waliokuja kusukuma wakaondoa mikono. Mume wangu akanigeukia.

"Mama watoto, ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akatamka mbele ya watu kwamba shemeji yake akitaka, ataibomoa mashua sasa hivi, ubao mmoja mmoja. Alikuwa ameshauokota mtaimbo.

Dadangu hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Umekuja kwangu ukala, nikakuuliza maua. Sasa mimi nitamwambia mume wangu naenda kufanya nini kwetu?"

Nikamwambia aje tu, nyumba ni yake.

"Hiyo itakuwa hisani yako," akasema. "Ule ulikuwa mti wangu." Akawageukia wanaume. "Shueni. Mkiibomoa, mti hausimami."

Ikashuliwa juu ya magogo ya mnazi. Haikuzama, ilitulisha miaka mingi. Samaki tuliompelekea dadangu aliwapokea, na shukrani zikarudi. Yeye hakurudi. Nilimfuata, mumewe akasimama mlangoni akasema kwao hana tena kitu cha kuchuma. Mume wangu alipanda mche mwengine pale kisimani, akawatangazia majirani kuwa ni wa shemeji yake. Kabla haujazaa, dadangu alikuwa ameshazikwa, huko huko Malindi.

Limebaki moja linalonisumbua. Kwetu ndugu akiweka mkono wakati wa kushua, huwa ameridhia. Mimi nakumbuka mashua ilipoanza kusogea niliuona mkono wake ubavuni, kiganja wazi, anasukuma pamoja na wanaume. Mume wangu mpaka anafariki alishikilia kuwa shemeji yake alikuwa ameshatoka. Somo yangu anasema mimi sikuona chochote, nilikuwa nimejifunika kanga uso mzima. Mliosukuma siku ile, na baadhi yenu mko hai, nani alikuwa ubavu wa kulia, karibu na usukani? Kama nimekosea njooni mnisahihishe, nami nitakubali. Lakini mtazameni vizuri kwanza, kabla hamjaniambia kuwa hakuwepo.