Sinema ya Mezani kwa Mama Sindano

Mama Sindano, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kukaa kimya, ndiyo maana ukimya wa mdogo wake ulimuuma kuliko kama angeugua yeye mwenyewe. Masikio ya mdogo wake yaliziba kidogo kidogo mpaka yakafungika kabisa. Tangu hapo, watu wakikusanyika, hukaa pembeni, hutabasamu pale wenzake wanapocheka, kisha huaga mapema. Hata kuongea aliacha, kwa kuwa sauti yake mwenyewe hajui tena inatokaje. Na huyo zamani akianza maneno, hata cherehani ilisubiri.

Hadithi yao kubwa ilikuwa ya utotoni, ya mapera ya jirani: walivyopanda ukuta, mbwa akawatokea, mdogo akanasa gauni. Waliisimulia wawili, wakinyang'anyana maneno. Sasa Mama Sindano aliisimulia peke yake, na haikunoga hata kidogo.

Siku moja mwalimu wa chekechea aliyekuja kupimwa gauni alimwonyesha kwenye simu wanasesere wanaotembea wenyewe. Siri yake ni subira: unapiga picha, unamsogeza mwanasesere kidogo tu, unapiga nyingine, na picha zikipitishwa mbio mbio, anatembea. Mama Sindano akaona njia. Hadithi ya mapera ikiwa ya picha isingehitaji masikio, na mdogo wake angeipata yote.

Akashona wasichana wawili kwa mabaki ya vitambaa, akatia waya mikononi na miguuni, na mbwa akamshona kwa soksi ya mumewe. Soksi ilikuwa bado nzima, lakini hayo tuyaache. Boksi la viatu likawa ukuta. Simu akaifunga kwa mpira kwenye kopo la maziwa, akaisogeza meza ya kulia dirishani, akaanza.

Tatizo lilikuwa mumewe. Alikuwa amestaafu uhudumu wa hoteli, na watu walimwita Bwana Mstari kwa sababu hakuweza kupita kwenye meza iliyovurugika bila kuinyoosha. Mkewe alipotoka kumpokea mteja, yeye akafuta meza, akawasimamisha wasichana bega kwa bega na kumlaza mbwa pembeni. Mkewe akarudi, akili ikiwa bado kwa mteja, akaendelea kupiga picha bila kugundua kitu. Jioni alipozitazama, mbwa alikuwa anafukuza, mara kalala, na wasichana wamesimama kama wageni wanaosubiri kuonyeshwa viti.

Alikasirika, akamwonyesha mumewe picha moja baada ya nyingine. Bwana Mstari akaomba radhi, akatoka, akarudi, akaifuta tena meza bila kujijua. Hapo mkewe akang'amua kwamba mikono ile haikataziki, labda ipewe kazi. Akamwachia kusogeza wanasesere. Kumbe mzee ana kipaji! Alisogeza mguu upana wa punje ya mchele, akarudi nyuma, akakagua. Walibishana juu ya mkia wa mbwa kwa raha kama wachumba, kazi wakairudia upya mpaka ikaisha.

Mdogo mtu alikuja kwa kuitwa, akakaa pembeni kama kawaida yake. Dada yake akamwekea simu mapajani. Wasichana wakapanda ukuta, mbwa akatokea, na yule mdogo wa kitambaa, gauni limenasa, akafunika uso kwa mikono akilia.

Mdogo mtu akashtuka. Akaitazama tena mpaka mwisho, ameinamia kioo. Kisha sauti ikamtoka, kubwa kupita kiasi na yenye kukwaruza, sauti ambayo nyumba ile ilishaanza kuisahau.

"Muongo wewe, dada. Mimi sikulia. Aliyelia ni wewe, tena ulikuwa unamwita mama."

Hakuishia hapo. Akaeleza mbwa alivyokuwa, mapera yaliangukia wapi, nani alimsukuma nani, bila kumpa mtu nafasi. Bwana Mstari alisimama mlangoni na kitambaa chake cha meza, hafuti kitu. Mama Sindano alikuwa na majibu tele, maana anajua vizuri siku ile nani alilia. Akayameza yote. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake, ili uso wake uonekane, akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiye aliyelia, na machozi yalikuwa yanamtiririka kweli.