Nilikataa Kumtoa Risper

Trizah katibu wetu, mimi si mtu wa kuandika-andika. Darasa la tatu ndiyo nilifikia, na bado unanipa kalamu eti niwaandikie akina mama wa kanisa habari za mjukuu wangu Risper. Kwani yeye hana mdomo? Haya.

Risper ni mwalimu. Alipomaliza chuo cha ualimu tulichinja ng'ombe hapa Uriri, watu wakala wakabeba na ingine. Tangu siku hiyo nikipita sokoni naitwa Dan Japuonj, nyanya wa mwalimu. Alikuwa anafundisha vizuri tu kule Oyugis. Halafu mwaka huu anakuja kuniambia anataka kusomea famasia.

"Ualimu umeharibika?" nikamuuliza.

"Haujaharibika, Dani. Likizo nilimsaidia jirani yangu Dahir kwa duka lake la dawa. Kazi ile ikanikaa rohoni."

"Si ukae hapo dukani tu."

"Siwezi kumpa mtu dawa kama sijasoma."

"Na si umesoma?"

"Nimesoma kufundisha, Dani."

Hapo kichwa kikaanza kunizunguka. Mtu aliyeiva anarudishwaje tena kwenye sufuria?

Chuo kimoja cha Homa Bay kikamwita kwa mahojiano. Nikasema mtoto wetu haendi kwa watu bila mzee. Nikavaa gauni la Pasaka, tukaenda. Risper akaniambia nikae nje kwa benchi. Nilikaa kidogo, kisha nikaingia.

Ndani walikuwa watu watatu. Mkubwa wao, mama wa miwani anaitwa Nyanchoka, akanipa kiti. "Karibu, mama. Kwa hivyo nyumbani mmekubali Risper aache ualimu aje kwetu?"

Sasa, mimi nimewaoza mabinti watano. Watu wakija kuuliza msichana, huwezi kusema chukueni. Watafikiri ana kasoro, kwamba mmemchoka. Unakataa kwanza, unamsifu, wanaomba tena, ndiyo mnaelewana. Nikajiweka sawa kwa kiti.

"Hatujakubali," nikamwambia. "Huyu ni mwalimu. Watoto wa Oyugis wanamlilia. Hatuwezi kumtoa hivi hivi."

Nikangoja aombe. Hakuomba. Akaandika kitu, akasema, "Asante mama, tumesikia."

Tulipofika stendi Risper akanigeukia.

"Dani, umenifungia mlango."

"Nimekupa heshima."

"Wale hawakuja kuoa."

"Kama wanakutaka, kuomba mara ya pili kunawashinda nini?"

Akapanda matatu. Mpaka leo mimi sijaelewa. Chuo gani kinapenda mtu anayetolewa kwa haraka? Majibu hayajatoka. Kule Oyugis asubuhi anaingia darasani, jioni anachungulia simu, na wikendi akija nyumbani chakula changu anakigusa tu.

Sijakosa. Lakini kama hawajui desturi, basi waambiwe. Wewe unayesoma hapa, kama una mtu Homa Bay, mtume kwa yule Nyanchoka. Amwambie nyanya amekubali, alikuwa anangoja kuombwa tu. Kama anataka kuomba, aombe hata kwa simu, nitamtoa papo hapo. Na usiseme utamtuma Jumatatu. Mtume sasa, kabla hawajafunga majina.