Sauti Nusu kwa Wasindikizaji

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nisimtazame mwimbaji.

Ilikuwa Mbeya, uwanja wa mpira, saa saba mchana, na baridi ya Juni ilikuwa inauma hata ukisimama juani. Nilikuwa nimetoka Iringa mjini, kwenye duka la marehemu baba, ambako kwa miaka mingi nilitengeneza redio na feni. Kampuni moja ya kukodisha mitambo ya muziki ilikuwa inatafuta mtu anayejua kulehemu waya. Nikafunga duka, nikampa mke wangu funguo, nikapanda lori lao juu ya maspika.

Bosi wetu tulimwita Mkuu wa Mitambo. Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyethubutu kulitumia. Alinikalisha kwenye meza ya sauti, ile mashine pana yenye safu ya vijiti vya kusukuma juu na chini. Kila kijiti kina chombo chake: hiki ngoma, hiki gitaa, hiki kipaza sauti cha mwimbaji. Ukikipandisha, chombo kinasikika. Ukikishusha, kinapotea, hata kama mpigaji anatoka jasho.

"Hamisi, macho kwenye taa," aliniambia. "Taa ya kijani, sawa. Nyekundu, shusha. Mwimbaji si kazi yako."

"Na hawa wa kwanza niwaweke wapi?"

"Wasindikizaji? Nusu. Siku zote nusu."

Wasindikizaji ni wale wanaopanda jukwaani kabla ya msanii mkubwa. Msanii mkubwa alitoka Dar es Salaam na picha yake ilijaza tangazo zima. Wasindikizaji walikuwa wa kwetu huku nyanda za juu, na majina yao yalibanwa chini kabisa kwa herufi za kusoma kwa miwani. Nikauliza kwa nini nusu.

"Spika ni kama injini ya lori," akasema. "Huipandishi mlima ikiwa ya baridi. Ipashe moto kwanza."

Mtu aliyefungua redio nyingi kama mimi jibu hilo lilipaswa kumkaa vibaya, na lilinikaa vibaya. Spika haihitaji kupashwa moto. Lakini ilikuwa siku ya kwanza, na mbele yangu alikuwa bosi. Nikaweka nusu.

Walipanda vijana wanne kutoka Makongolosi, wachimba dhahabu, wakiwa wameshona mashati ya kufanana. Hawakumaliza hata wimbo wa kwanza. Uwanja ulianza kuguna, kisha kupiga miluzi, kisha ikawa zomeazomea tupu, na chupa za maji zikaanza kuruka. Mmoja wao aliokota chupa, akaifungua, akanywa, akairudisha chini taratibu kana kwamba yuko mezani kwa mama yake. Watu wakacheka. Wale wanne wakashuka.

Alipopanda msanii mkubwa, Mkuu wa Mitambo alinisogeza kwa kiwiko, akashika vijiti mwenyewe. Uwanja ulilipuka.

Tukiwa njiani kurudi tulisimama Nyololo kula chipsi. Wenzangu walinieleza kwamba hivyo ndivyo Mbeya ilivyo. Watu wa Mbeya hawana simile, walisema. Hata Iringa wanaofanana nao wapo. Nilikubali, kwa sababu ni rahisi kuwalaumu watu elfu kadhaa usiowajua majina.

Nilipanda vyeo polepole. Kutoka fundi waya nikawa fundi wa monita. Monita ni zile spika ndogo zinazolala miguuni mwa mwimbaji na kumtazama, ili ajisikie mwenyewe. Hadhira haizisikii. Baadaye nikawa msimamizi wa meza, msaidizi wa Mkuu. Miaka yote hiyo nilipandisha na kushusha, na miaka yote hiyo wasindikizaji walizomewa. Si wote, lakini wengi mno.

Ndipo shaka ikaanza kuniingia, na iliniingia kwa mlango usio wake. Niligundua kwamba zomeazomea haianzi uwanja mzima. Inaanza kushoto. Kulia na mbele walikaa watu wa viti. Kushoto, nyuma ya uzio wa mabati, walisimama watu wa kawaida. Kila mara mluzi wa kwanza ulitoka huko, tena mapema, kabla mwimbaji hajamaliza ubeti. Nikajiambia: haya si bure. Kuna mtu anayeandaa.

Nikaanza kuwachunguza. Nilimshuku mshereheshaji kwa sababu alikuwa anatabasamu. Nilimshuku muuza karanga. Nilishuku hata wasindikizaji wenyewe kwamba wanarogana. Mwishowe macho yangu yakatua kwa bwana mmoja mrefu mwenye sweta la kijani. Nilimwona Mbeya, nikamwona tena Iringa, na mara zote alikuwa palepale kushoto, vidole viwili mdomoni, akipiga mluzi wa kuchungia ng'ombe. Nani anasafiri kutoka mkoa mmoja hadi mwingine kwenda kuwazomea watu wasiojulikana, kama hajatumwa?

Jibu nililipata siku ya Atuganile.

Atuganile alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Tukuyu, aliyekuwa akifanya kazi Tosamaganga. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka. Mchana ule Mbeya, wakati wa majaribio ya sauti, alikuja hadi mezani kwetu, jambo ambalo wasindikizaji hawakuwa wakilifanya.

"Shikamoo, fundi. Kule juu najisikia vizuri sana. Na huku nje je?"

"Marahaba, dada. Utasikika," nikamjibu. Kijiti chake kilikuwa nusu, chini ya kidole changu.

Saa tisa akapanda. Ubeti wa kwanza haujaisha, mluzi ukalia kushoto. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwita mlinzi kwa redio, nikamwonyesha sweta la kijani. Walinzi wawili walimkamata kwa ukosi, wakamtoa akipiga kelele, na mmoja akampiga kofi mbele za watu. Nikahisi nimefanya kazi nzuri.

Zomeazomea haikupungua. Iliongezeka. Atuganile aliendelea kuimba, na nilimwona akisogea mbele kuwaelekea watu wa kushoto, mkono mmoja kifuani, kama anayewaomba wamwambie amewakosea nini. Chupa iliyojaa maji ikampata juu ya jicho. Alishika nyusi, akatazama damu kiganjani kwa macho ya kiuguzi, akaweka kipaza sauti chini, akashuka.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunashusha mitambo. Yule bwana wa sweta akaja moja kwa moja kwangu. Shavu lilikuwa limevimba.

"Wewe ndiye uliyenionyesha?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Ndiyo."

"Mimi naitwa Masanja. Nafuga Usangu, wazazi wangu walihamia pale kutoka Shinyanga. Napenda muziki, basi. Nakuja kwa baiskeli, kwa basi, nakuja. Niambie kosa langu."

"Ulikuwa unamzomea yule dada."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. "Kumzomea? Nilikuwa naita sauti! Tulikuwa tunapiga kelele, sauti, sauti! Kule tunakosimama hakuna anayemsikia, fundi. Tunaona mdomo unafunguka, tunasikia ngoma peke yake. Nilikuwa nawazomea ninyi."

Akageuka akaondoka. Sikumwomba radhi. Hilo nalo naliandika hapa ili lisomwe.

Nilizunguka hadi kwenye mnara wa spika wa kushoto, ambao ulikuwa bado haujashushwa. Katika mnara kuna spika za chini, zinazobeba ngoma na besi, na spika za juu, zinazobeba sauti ya mtu. Nyuma ya zile za juu, waya ulikuwa umepitishwa kwenye swichi ndogo ambayo sikuwahi kuambiwa habari zake. Ilikuwa imefichwa vizuri, imefungwa utepe mweusi. Nilijua mkono uliofunga utepe ule, kwa sababu Mkuu alikuwa na tabia ya kukunja ncha ya utepe ili ubanduke kirahisi. Mwimbaji alikuwa nusu kulia, na kushoto hakuwepo kabisa.

Nilimkuta Mkuu anakunywa chai kwenye lori.

"Ile swichi ya kushoto ni ya nini, bosi?"

Hakushtuka. Ndicho kilichonitisha. "Umeiona leo? Nilidhani unaijua siku nyingi."

"Wale watu hawasikii."

"Hawatakiwi kusikia, mpaka mgeni wa Dar apande. Hamisi, wewe mtu mzima. Mameneja wa hawa wakubwa wanataka uwanja uwe na hasira kwanza. Mtu akichoka kuzomea, anamshangilia anayekuja kama mwokozi. Umewahi kuona msanii wetu mkubwa anafeli?"

"Yule dada amepasuliwa uso."

"Sikurusha chupa mimi. Wewe umerusha?"

Niliporudi mezani nilitazama vijiti vile kama vitu vya mtu mwingine. Swichi ilikuwa yake. Nusu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeiweka tangu siku ya kwanza, nikijua kwamba spika haipashwi moto.

Tangu hapo nikawa mtu wa kushuku kila kitu. Nilikagua nyaya tulizofunga wenyewe. Mwenzangu akiniuliza habari za nyumbani, nilijiuliza katumwa na nani. Na shaka ile ilikuwa na sababu, maana siku chache baadaye Mkuu aliniambia, bila kuulizwa, "Nimesikia unazungukazunguka minara." Hadi leo sijui nani alimwambia.

Tamasha lililofuata lilikuwa Iringa, siku ya sikukuu, alasiri. Sikutegemea kumwona Atuganile kwenye orodha, lakini alikuwepo, na kovu bichi juu ya jicho. Safari hii alikuja mezani hatabasamu.

"Kamwene, fundi," alisema, kwa salamu ya Kihehe, maana ameishi kwa Wahehe muda mrefu. "Nakuuliza tena. Huko nje wananisikia?"

Mkuu alikuwa hatua tatu nyuma yangu.

"Mbeya hawakukusikia," nikasema. "Leo watakusikia."

Hakunishukuru. Alinitazama kwa muda, akipima kama huu nao ni mtego, kisha akaenda zake.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshakata ile swichi na kuunganisha waya moja kwa moja, nikalehemu, ili Mkuu asiweze kuufungua kwa mkono. Atuganile alipopanda nilisukuma kijiti chake hadi pale tunapomwekea mgeni. Mkuu aliruka. Alinishika kifundo cha mkono mbele ya mshereheshaji na askari. "Shusha!" Nami nikamwambia, kwa sauti niliyoshangaa kuisikia, "Shusha wewe, mbele ya hawa watu." Aliachia. Hakutaka watu wauone mkono wake ukifanya kazi hiyo.

Ubeti wa kwanza ulipita bila mluzi. Kushoto nilikokuwa nimezoea kuona mikono hewani kwa hasira, watu walisimama vinywa wazi. Wa pili ukapita. Kwenye kiitikio, wengine wakaanza kumsaidia. Nilitoka mezani, kosa kubwa kwa msimamizi, nikaenda kusimama kushoto nyuma ya mabati kusikiliza kwa masikio yangu. Alikuwepo. Sauti yake yote.

Wimbo wa tatu ulikuwa mrefu, wa huzuni, na watu walianza kumchoka. Wakamzomea kidogo. Akaukatisha, akaaga, akashuka akicheka.

"Leo wamenizomea wakiwa wamenisikia," aliniambia. "Ule wimbo hata mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi nao."

Jumatatu nilihamishiwa stoo. Barua ilisema ni kwa sababu ya umri wa macho yangu. Nilimalizia utumishi wangu kwa kukunja nyaya na kutoa spika za harusi na misiba, na Mkuu wa Mitambo alipita pale kila wiki akinisalimia kwa heshima zote, kana kwamba hakijatokea kitu. Atuganile aliendelea na uuguzi. Akaimba pale alipoalikwa, hakuwa nyota. Nilipanda basi mara mbili hadi Usangu kumtafuta Masanja. Mara ya pili nikampata zizini. Alinisikiliza nikimwomba radhi, akasema, "Sawa, fundi," akanipa maziwa ya mgando. Hatukuzungumza zaidi, na sidhani kama alinisamehe.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mna meza zinazotumia kompyuta, vijiti havionekani hata kwa macho. Mkiambiwa nusu, ulizeni. Mkijibiwa, msiridhike. Ondokeni mezani mkasimame walikosimama watu wa tiketi ya chini. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na niliowachelewea sijui idadi yao.

Mmoja namjua. Mwaka jana bomba la jikoni kwangu lilipasuka, nikaita fundi. Alikuja mtu mzima wa miaka arobaini hivi, akalala chini ya sinki, na huku anafungua koki akawa anaimba peke yake. Mke wangu aliacha kukata mboga ili amsikilize.

"Umewahi kuimba jukwaani?" nikamuuliza.

"Mara moja tu, mzee. Mbeya. Walinizomea vibaya. Nikajua Mungu hakunipa kitu hicho, nikajifunza mabomba."

Nikamuuliza ilikuwa tamasha lipi. Akanitajia. Nilikuwa mezani siku hiyo.

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama na kandambili ndani ya maji. Alitoa kichwa chini ya sinki, akanisikiliza hadi mwisho na spana mkononi.

"Bora usingeniambia, mzee," akasema. "Nilikuwa nimeshazoea."

Akarudi chini ya sinki. Ilimchukua karibu saa nzima kumaliza, na saa nzima hiyo hakuimba.