Verlin na Diski ya Majina

Verlin Stroud alihamia mjini kwetu mwaka wa tisini na sita. Hapana, nisiwadanganye, ilikuwa tisini na saba, maana tisini na sita Orrin Haskett alikuwa bado hai, akija kwangu kuazima ngazi na kuirudisha siku akikumbuka. Sisi watu wa redio hapa Iowa, tunaozungumza hewani kwa mitambo ya nyumbani, hatusemi mwenzetu amekufa. Tunasema kidude chake cha kugongea herufi hewani kimenyamaza. Cha Orrin kilinyamaza Novemba ya mwaka huo, sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani. Tarehe nina hakika nayo, niliiandika mwenyewe kwa penseli.

Niliiandika kwenye kitabu. Kila mwenye leseni ya redio hupewa na serikali alama yake ya mwito, herufi chache na namba moja, na siku hizo alama zote zilichapwa kwenye kitabu kinene kama tofali, pamoja na jina la mwenyewe na mji wake. Jumamosi asubuhi klabu yetu hukutana hewani. Mtu akitaja alama yake tu, mimi hufunua kurasa mbio, na kabla hajashusha pumzi nimeshamwita: "Karibu, Bwana Lester wa Dubuque!" Watu walifurahi sana kuitwa hivyo. Miaka kumi na tisa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Shule niliiacha darasa la nane, sifa nyingine sikuwa nayo.

Ndipo akaja huyo Verlin, kutoka Kansas, mstaafu wa kupanda nguzo za simu, goti moja bovu. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na moja utosini, na mara nyingi alizitafuta zote mbili. Mchana alikula mkate wa siagi ya karanga na achari ya matango, akakukaribisha kwa moyo mmoja. Alikuwa mtu mwema. Angekuwa mshenzi ningepumua.

Majina yale yote ya kitabu changu yeye alikuwa nayo kwenye diski moja nyembamba ya kompyuta. Programu ya kuisomea alijitungia mwenyewe, majira matatu ya baridi, chini kwenye ghala la nyumba yake. Unachapa alama, jina linatokea kabla hujainua kidole. Aliwagawia watu bure, akaomba tu kila mmoja amtumie kadi ya posta ya mji wake. Ukuta mzima ulijaa kadi, za Brazili, za Nyuzilandi, za visiwa nisivyovijua. Nilizihesabu kwa macho huku nikijifanya nasifu rangi ya ukuta. Mia moja na arobaini. Mimi na kitabu changu hakuna aliyewahi kututumia hata moja.

"Delmar, mzee wangu, bado unafunua kurasa?" Glenda, mwenyekiti wetu, alinitania hewani. "Verlin ameshamsalimia mgeni, amemuuliza na hali ya mkewe, wewe ungali kwenye herufi ya K!"

"Vidole vina baridi," nikajibu. Wakacheka wote. Mwezi ulikuwa Aprili.

Ulipoingia mwezi wa Mei Glenda akasema, kwa upole kabisa, "Majina sasa atayataja Verlin. Wewe pumzika, baba."

Pumzika! Neno hilo nililitafuna wiki nzima.

Verlin alinifuata nyumbani na programu yake, na pai juu yake, ya rubabu, yale mabua mekundu machachu. "Kaka, hii ni yako."

"Sina kompyuta," nikasema. Ilikuwapo, chumbani kwa binti yangu, nimeifunika shuka.

"Basi nipe yale uliyoyaandika kwa penseli kitabuni niyachape humu. Diski yangu ni ya mwaka jana. Haijui nani amenyamaza."

"Kitabu changu hakitoki nyumbani."

Aliitikia kwa kichwa, akaniachia pai. Niliila yote.

Jumatano moja ya mwezi Juni akanipigia simu Sharlene, binti wa Orrin, anayekaa Cedar Rapids. "Mzee Delmar, nimepata leseni! Na alama ya baba nimeiomba, wamenipa. Mama hajui. Jumamosi nitaingia hewani, yeye bado hufungua redio ya baba jikoni akiosha vyombo. Tafadhali mwambie huyo anayetaja majina, aniite mimi Sharlene."

"Ondoa shaka, mwanangu."

Huyo anayetaja majina. Kumbe habari zilikuwa zimefika hadi Cedar Rapids. Toka Jumatano hadi Jumamosi nilipita mbele ya nyumba ya Verlin mara nne. Mara moja alikuwa anafunga nyanya zake kwenye vijiti, akanipungia mkono. Nikampungia, nikaendelea na njia yangu.

Jumamosi sauti ya Sharlene ikaja, nyembamba, ikataja alama peke yake kama ilivyo desturi. Verlin alikuwa hajawahi kumwona Orrin. Akasoma diski yake.

"Karibu, Bwana Orrin Haskett!" akasema kwa furaha. "Mbona sauti imepanda hivyo leo, mzee? Umevuta hewa ya maputo?"

Kisha Sharlene akasema, "Orrin alikuwa baba yangu," na sauti ikakatika.

Hapo nikabonyeza kitufe changu. "Jamani, huyo ni Sharlene, binti wa marehemu, amerithi alama ya baba yake. Karibu nyumbani, mwanangu."

"Asante, Delmar," akasema Glenda. "Unaona sasa? Mashine haijui watu."

Nilifurahi. Sitaficha. Kahawa ya asubuhi ile ilikuwa tamu ajabu, na furaha ikadumu mpaka mchana, nilipopita kwa Lavonne, mama yake Sharlene. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za jikoni, mikono bado ina povu.

"Nilidhani ni yeye," akaniambia. "Kwa pumzi moja tu, Delmar, nilidhani wamempata hewani."

Verlin alikwenda kumwomba radhi kofia mkononi, goti likimvuta. Alikaa kule saa nzima, na Sharlene alikuwapo. Wiki iliyofuata akaniambia, "Majina ni yako, kaka," na hakuingia tena hewani Jumamosi. Nami nikayataja tena, kila wiki, na kila jina nililitazama mara mbili kabla ya kulitoa mdomoni. Kabla ya baridi Verlin akauza nyumba, akarudi Kansas kwa dada yake.

Programu yake aliitengeneza upya kabla ya kuondoka, akawatumia wote. Glenda alinionyesha kwenye mashine yake. Chini ya kila jina la wilaya yetu palikuwa na mstari: Muulize kwanza Delmar.

"Amekuheshimu sana," Glenda akasema.

Niliutazama mstari ule mpaka macho yakaniuma. Verlin alinyamaza miaka miwili baadaye. Sharlene nilimpata peke yake mara moja tu, kwenye pikniki ya klabu, akipaka mahindi siagi, nikamuuliza. Aliendelea kupaka, halafu akaitwa kupiga picha, akaenda.

"Siku ile kwa mama yako," nilimuuliza, "ulimwambia Verlin kwamba ulinipigia simu?"