Utupa wa Chausiku

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Morogoro mjini yalijaa kila kitu, na sisi wa milimani Kinole tukabaki kuyatazama. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kutuletea dawa ya kuhifadhia mbegu. Ya dukani ilikuwa ghali, na nyingine, Mungu anisamehe, ilikuwa majivu matupu. Fukusi wakatoboa maharage yetu ndani ya magunia. Mwanamke akikosa mbegu huku kwetu, msimu unaofuata analima kibarua kwenye shamba la mwenzake, na hakuna anayelipenda hilo.

Jirani yangu Chausiku hakulalamika. Kazi yake ilikuwa kubishana, si kulalamika. Akashika njia ya porini kutafuta utupa, ule mmea wa jamii ya kunde ambao zamani ulitwangwa kulewesha samaki mtoni. Kinachomshinda samaki, alisema, fukusi hatakiweza.

Kila mtu alijua kuna utupa wa maua meupe na wa maua ya zambarau, na kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu ulio bora. Chausiku hakumwamini mtu. Alikausha majani ya kila mche peke yake, akayatwanga, akayatia kwenye chupa pamoja na maharage na fukusi hai, akangoja. Rangi ya maua haikumsaidia chochote. Kulikuwa na utupa mweupe ulioua, na mwingine mweupe vilevile ambao fukusi walitembea juu ya unga wake kama wako sebuleni kwao. Basi akaupanga upya utupa wote wa bonde letu kwa nguvu yake: Mkali, Mvivu, na Bubu, yaani ule usiofanya lolote. Kila mche aliufunga kitambaa cha alama, na ole wako mbuzi wako akikifikia.

Akachuma mbegu za Mkali, akazipanda nyuma ya nyumba, kando ya wigo wa zamani uliokuwa wa Bubu. Miche ilipokomaa akatugawia majani wanawake wote wa kitongoji, tukayatwanga na kuyachanganya na mbegu zetu. Hakuna aliyeyapima tena. Ya nini? Kwetu Waluguru mtoto ni wa mama: ukoo ni wa mama, shamba ni la mama, na mwenye neno ni mjomba. Mama akiwa Mkali, mtoto atakuwa nani tena?

Tulipofungua magunia wakati wa kupanda, baadhi yalikuwa salama na mengine yalikuwa vumbi. Langu lilikuwa vumbi. Nililia, sifichi. Asha, mdogo wake Chausiku kwa mama, akamwambia mbele ya watu, "Dada, hayo uliyotugawia ni malisho ya mbuzi." Chausiku alikubali bila kubisha, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Alishuka mjini mpaka chuo cha kilimo, akarudi na mtaalamu wa mimea, kijana mmoja aitwaye Castory. Akampeleka moja kwa moja bustanini.

"Mama yao mmoja," alimwambia, "watoto hawafanani."

Castory aliizunguka ile miche, akautazama wigo. "Kitabuni huu wote ni utupa mmoja, mama, na rangi ya ua haitoshi kuugawa. Mgawanyo wako wa nguvu ni mzuri. Ila baba yao ni nani?"

"Baba wa nini? Mtoto ni wa mama."

"Kwetu Songea mtoto ni wa baba."

"Ndiyo maana hamna adabu," alisema Chausiku.

Castory alicheka sana. "Basi tuyaache makabila. Nyuki anatoka kwenye ua la Bubu anaingia la Mkali, wala haulizi ukoo. Ukitaka Mkali asichanganyike, mtenge. Mpande ng'ambo ya mlima, pasipo na utupa mwingine."

Sisi majirani tuliosimama pale tukatazamana. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na mashamba ya mzee Twalibu, baba mzazi wa Chausiku, aliyemwacha mama mtu wakati Chausiku bado ananyonya. Maisha yake yote Chausiku alisema hana baba, ana mjomba. Wakikutana gulioni, alikuwa akigeuka kutazama ndizi.

Tulimshauri aache, tutaokoteza utupa wa porini hivyo hivyo.

"Mbegu zenu nimeziharibu mimi," alisema. "Nitazirudisha mimi."

Asubuhi nikafuatana naye, maana sikutaka aende peke yake. Tulimkuta mzee Twalibu uani kwake, anamenya mihogo. Chausiku akamsogelea.

"Shikamoo, baba."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Marahaba." Mzee akaweka kisu chini. "Umekuja kwangu mimi, au kuna kitu unataka?"

Nilimkanyaga Chausiku mguu aseme la adabu. Hakunitazama hata.

"Nimefuata shamba. Kipande kidogo tu, nipande utupa."

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja.

"Mama yako angesema amekuja kunisalimu," alisema. "Huo ulimi ni wangu."

Akainuka taratibu, akaingia ndani kutafuta jembe. Chausiku akaketi pale pale alipokuwa ameketi baba yake, akaokota kisu, akaendelea kumenya mihogo.