Konvertisere ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Ghislain wa mtaa wa Kikula ana ugonjwa wa kueleza. Mpelekee chaja ya simu iliyoungua, na ukitaka kujua kama itapona, kaa kwanza akusimulie umeme ulivyozaliwa, ulivyobatizwa na ulivyooa. Wateja wake wa sokoni wamemzoea. Wanatua kitu mezani, wanasema "Ghislain, nitarudi," na wanatoweka kabla hajafungua mdomo.

Ugonjwa huo aliupata kazini. Baada ya shule ya ufundi aliajiriwa na mkandarasi mmoja upande wa Kambove, akapewa kulinda makabati yanayoamuru pampu za mgodini zizunguke haraka au polepole. Aliyapenda makabati yale kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Mkandarasi alipofunga virago aliondoka na makabati yake, akamwachia Ghislain ovaroli na hotuba. Ovaroli ilichakaa. Hotuba bado mpya kabisa.

Likasi, hata hivyo, ni mji unaofaa kwa mtu wa namna hiyo. Nyaya nene kutoka upande wa bwawa la umeme la Mwadingusha hupita juu zikinguruma kama watu wenye miadi muhimu mahali pengine, na umeme unaobaki huja majumbani kama mjomba mlevi: hujui atafika lini, na akifika anavunja kitu. Ndiyo sababu kila familia yenye uwezo kidogo ina betri, na pembeni ya betri ina konvertisere, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vyombo vya nyumbani kama kongelatere, lile friji la kugandishia nyama. Ghislain huviuza, huvitengeneza, na juu ya yote huvihubiri.

"Umeme wa betri," huwaambia walioshindwa kukimbia, "unaenda mbele tu, kama masere anaenda misa. Hauangalie nyuma. Lakini kongelatere haitake masere! Inataka umeme, courant ya kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mulevi kati ya bar mbili. Nani atafundisha masere kutembea kama mulevi?" Hapo humfurahia kwanza masere wake, yaani sista wa kitawa. "Transista! Ni mulango mudogo. Unafunguka, unafungika, mara maelfu kwa sekonde moja. Unamupitisha masere huku, unamurudisha kule, mpaka anacheza." Kisha huongeza kwamba milango hiyohiyo ndiyo inayoendesha pampu za migodini, pikipiki za umeme za Wachina na treni, na kwamba dunia yote ya leo imesimama juu ya milango inayofunguka na kufungika. Kwa kawaida mteja naye huwa ameshaona mlango wa karakana, na ameutumia.

Mtu wa maneno mengi hivyo alikwenda kuoa wapi? Kwa Mama Germaine, familia ya asili ya Kasai, ambako mkwe na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Hawatazamani machoni, hawali mmoja mbele ya mwingine, na kuhusu chumba cha kulala cha mama mkwe, heri mkwe aingie tanuru la shaba kuliko kuingia humo. Hiyo ndiyo heshima ya bukwe. Ghislain alipoijua alifikiri kwa muda, kisha akamwambia mkewe Christiane kwamba bukwe ni sawa na transfoma: koili mbili zimekaa jirani, haziunganishwi na waya hata mmoja, na bado nguvu inapita. Christiane akamwomba asiseme hivyo mbele ya baba yake.

Alipompa mama mkwe konvertisere, iliyo bora kuliko zote za karakana, alitaka ikae sebuleni karibu na kongelatere. Mama Germaine aliagiza ikae chumbani mwake, kwa sababu ya wezi. Amri haikujadiliwa. Ghislain alisimama nje chini ya dirisha akitamka maelekezo kama padri wa redioni, na baba mkwe, Tata Alexis, dereva mstaafu wa treni ya umeme, akaunganisha nyaya ndani. Iliwaka. Ghislain alihubiri dirishani hadi majirani wakafunga madirisha yao. Katika mahubiri yote yale ilisahaulika sentensi moja fupi, kwa kuwa haikuwa na utamu wowote: kiacheni kisanduku kipumue.

Basi ikafika wiki ambayo mtoto wa dada yake Mama Germaine, Jimmy, alikuwa apewe upadri. Karamu ilikuwa ifanyike kwa Mama Germaine. Kongelatere ilijazwa mbuzi na kuku mpaka mfuniko ukakataa kufunga, na mama huyo alikuwa ameitangazia parokia nzima kwamba kwake nyama hailali vibaya, maana mkwe wake ni fundi. Ijumaa asubuhi, umeme wa mji ukiwa umeshakwenda safari zake, konvertisere ikazima. Wakaiwasha. Ikazima. Misa ilikuwa kesho yake, na jua la Likasi halijui sakramenti. Nyama ile ikioza, jina litakalonuka ni la Ghislain.

Alifika akitweta, akasimama sebuleni mbele ya pazia la chumba. Nyuma ya pazia alikuwa Mama Germaine. Katikati, akishika pazia lisije likapepea na kuleta msiba, alikuwa Christiane.

"Uliza mama, mashini inasema nini?"

"Mama, Ghislain anauliza mashini inasema nini."

"Ambia bwana yako, inalia tii, tii, tii, kama katoto ka kuku. Kisha inakufa."

"Inalia tii, tii..."

"Nimesikia, Christiane."

"Haukusikia. Mukwe hasikie sauti ya mama mukwe kama hajaambiwa. Inalia tii, tii, tii, kama katoto ka kuku. Kisha inakufa."

"Aksanti. Uliza taa yake iko rangi gani."

"Nyekundu," pazia likajibu.

"Nyekundu," akarudia Christiane.

Tata Alexis, aliyekuwa chumbani na taa ya mkononi kwa kuwa dirisha lilifungwa kwa ajili ya wale wezi, alichoka. "Fungua pazia, mutoto aingie! Munganga anaingia mahali mugonjwa analala."

"Weye Alexis! Unataka mukwe aone kitanda yangu?"

"Aone mashini!"

"Mashini iko pembeni ya kitanda. Macho haina frein."

Kwa neno frein, yaani breki, dereva mstaafu akaamka ndani ya Tata Alexis. "Mashini kama hii minye naijua," alisema kwa sauti ya kuita stesheni. "Kule juu ya reli, courant inashuka kwa waya, ni ya kwenda na kurudi. Lakini moteur za locomotive yetu hazikuitaka vile. Tulikuwa na kabati katikati, redresseur. Mulango ya njia moja! Courant yote inatoka ikiangalia mbele. Mashini ya mukwe wangu ni redresseur yenye kutembea kinyumenyume, basi."

Ghislain aliumia sana, kwa sababu ilikuwa kweli na ilikuwa fupi.

"Na tulikuwa na ventilateur ndani!" mzee akaendelea. "Inaunguruma, stesheni yote inasikia. Ikinyamaza tu, tunasimamisha treni kabla kabati haijaungua."

Ghislain alikuwa ameshapanua kifua kujibu kuhusu diodi, hiyo milango ya njia moja. Akaachana nazo. Tangu afike hapo, na kila mara mashine ilipowashwa, hakuwa amesikia feni, ventilateur ya kisanduku.

"Christiane. Uliza mama: mbele, siku za kwanza, ile mashini ilikuwa inaunguruma?"

Pazia likavutwa likabana zaidi.

"Mbele ilikuwa inaunguruma," likasema. "Ilikuwa inaniharibishia rozari. Sasa iko na adabu."

"Nani aliipatia adabu?" akauliza Ghislain, akisahau kupitia kwa mkewe. Christiane akamkanyaga mguu.

Tata Alexis aliinua taa. "Mama yangu! Mashini inavaa robe!"

"Si robe. Ni kroshe. Nilifuma minye mwenyewe."

Ilikuwa kroshe kweli, kama alivyoieleza mzee: uzi mzito wa buluu na nyeupe, maua pande nne, imefunika kisanduku chote juu hadi chini isipokuwa taa na kitufe, matundu ya feni yakiwa yameshindiliwa vitambaa kwa ndani, na chini utepe umefungwa kama wa komunyo ya kwanza. Nyumba ya Mama Germaine haina kitu kilicho uchi. Televisheni imevaa, redio imevaa, hata galoni la maji lina kofia.

"Mutoto wa batu anatia mwangaza ndani ya nyumba yangu," sauti ya Mama Germaine ilisema, ikiwa imeshuka kidogo, "na minye siwezi kumushika mukono, nimwambie aksanti. Ndiyo nilimufumia mashini yake nguo."

Mara hii Christiane alifuta macho kwa pindo la pazia.

Sasa hapa ndipo tungetarajia hotuba. Kila mlango wa transista unapofunguka na kufungika, joto dogo hubaki kizingitini, na milango inayocheza mara maelfu kwa sekunde hutoa joto la kukaangia vitumbua. Kwa hiyo hubandikwa kwenye mapezi ya alumini, na feni huyapuliza. Ukiziba, kisanduku hupandwa na homa, hulia tii, tii, na hujizima chenyewe kisife. Ghislain aliyajua yote hayo kwa moyo, na yalikuwa yamejipanga ulimini kama wanafunzi mstarini. Lakini yote yangeishia mahali pamoja: Mama, shukrani yenu ndiyo inayotaka kuozesha nyama. Kuna mkwe gani wa kutuma maneno hayo yapite kwenye pazia?

Aliyameza. Yalikuwa machungu kuliko kwinini.

"Ambia mama," alisema polepole, "kroshe ya namna hii haipashwe kufichama mu chumba. Kesho Abbé Jimmy anakuja, na batu ba parokia. Ikae juu ya kongelatere, kila muntu aione. Mashini ni kitu ya kazi tu, haistahili."

Halafu utepe ukasikika ukifunguliwa.

"Anasema kweli," likasema pazia. "Mashini haistahili."

Joto lilitoka kama la chungu cha bukari, ugali wa huko, kilichofunuliwa. Tata Alexis aligusa alumini, akataja shetani, akaomba radhi kwa Bikira Maria wa ukutani. Dirisha likafunguliwa, wezi wawepo wasiwepo. Vitambaa vikachomolewa kwa uma, na mzee akapepea kisanduku kwa ungo kama anayefukuza makapi, mpaka taa nyekundu ikazimika. Alipobonyeza, feni iliunguruma kama stesheni nzima, na kule sebuleni kongelatere ikashtuka na kuanza kutetemeka.

Mama Germaine alitoka. Ghislain akageukia ukuta haraka, kama inavyotakiwa, akasoma kalenda ya parokia kwa bidii kubwa huku nyuma yake mfuniko ukiinuliwa. Alisikia mkono ukichimba, mbuzi akisogezwa, kuku wakigongana. Walio juu walikuwa wamelegea. Wa chini waligongana kama mawe. Kisha akasikia pumzi ndefu ikivutwa puani.

"Christiane, ambia bwana yako haijanuka."

"Haijanuka," Christiane alimwambia ukutani.

Jumamosi, karamu ilijaa hadi barabarani. Kroshe ilitanda juu ya kongelatere, na Abbé Jimmy, padri mpya, aliisifu kabla ya kubariki chakula. Ghislain alikula nyuma ya nyumba, peke yake, kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa mama mkwe alikuwa sebuleni na mkwe hali mbele yake. Dirishani alimsikia Tata Alexis akimsimulia Abbé jinsi mtu wa reli anavyotambua mashine iliyozibwa, kwa sikio tu. Kila sentensi ilikuwa na kosa moja la ufundi. Ghislain alihesabu makosa, akaonja chumvi ya mbuzi, akainuka mara mbili na mara mbili akakaa. Kati yake na mlango palikuwa na mama mkwe.

"Weye Alexis," ilisikika sauti ya Mama Germaine, "weye ulikuwa unashika taa tu."

Sebule ikacheka. Punde Christiane akaja na sahani iliyofunikwa. Chini ya kifuniko zilikuwa firigisi za kuku, sehemu ambayo kwao haipewi mtu hivi hivi bali huwekewa mwenye heshima, na zilikuwa nyingi.

"Mama alisema nini?" Ghislain akauliza.

"Hakusema kitu. Alisema tu mule ndani hakuna muntu wa kuzikula."

Ghislain alizitazama. Alikuwa na mengi ya kueleza kuhusu kugandisha, kuhusu joto, kuhusu kwa nini hasa zilikuwa bado na ladha. Christiane aliketi pembeni yake kwenye jiwe, akamngoja aanze. Ghislain akatia firigisi mdomoni, akatafuna.