Mzee Tak na Msuko wa Mwanawe

Mzee Tak Giwan wa Suwon alikuwa mbishi. Si mbishi wa kubishania bei ya kabichi. Huyu alizaliwa nao, angeweza kulowa mvua chapachapa na bado akakuambia leo kumekucha kukavu. Na ubishi wake mkubwa ulikuwa nywele. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa ilitoka amri kwamba kila mwanamume akatwe kishungi, lile fundo la nywele utosini, na askari wakasimama malangoni mwa mji na mikasi wakiwavizia wapita njia. Tak akajitumbukiza kwenye mtungi mkubwa wa mchuzi wa soya nyuma ya nyumba ya shangazi yake, akakaa humo kutwa nzima. Kishungi kikapona. Ila harufu ilimganda, na mbwa wa mtaa walimfuata mpaka majira ya kupanda mpunga.

"Nywele tumepewa na wazazi," alikuwa akisema. "Anayezikata anamkata baba yake."

Wajapani wakaja wakaichukua Korea nzima, wakabadilisha sheria na majina ya vituo vya treni, na Mzee Tak akaendelea kupita sokoni na kishungi chake chini ya kofia ya singa za farasi, kana kwamba habari hazijamfikia.

Umri ukianza kusogea akapata mtoto wa kiume, Yonggun. Zamani kwetu kijana asiyeoa alisuka nywele msuko mmoja mgongoni, na siku ya ndoa ndipo hufungwa kishungi. Lakini miaka hiyo vijana wote wa Suwon walikuwa wateja wa kinyozi, isipokuwa Yonggun. Miaka ishirini na minne, msuko umefika kiunoni, na mke hana, maana kila posa baba yake aliikataa: huyu kaka yake anavaa tai, yule baba yake amekata nywele. Watoto walimzomea njiani, "Binti Tak! Binti Tak! Unaolewa lini?" Naye alicheka tu. Alikuwa mfupi, mpana, shingo nene kama kinu, na moyo wake ulikuwa kwingine kabisa. Alipenda chuma. Kila Jumamosi alipanda treni kwenda Seoul kwa Mwalimu Pyo, akauzungusha msuko kichwani kama kilemba, akanyanyua uzito mpaka jioni.

"Kubeba mizigo ni kazi ya wapagazi," baba yake alimwambia. "Kwani huko Seoul wapagazi wameisha?"

"Baba, hatubebi kupeleka mahali. Tunanyanyua, halafu tunaweka chini."

"Mnaweka palepale?"

"Palepale."

Mzee Tak akamgeukia mkewe. "Mama Yonggun, huyu mtoto uliwahi kumwangusha?"

Mwaka ule mashindano ya vuli yalikuwa na uzito wake, maana mshindi angekwenda Tokyo. Na vijana wetu walikuwa wameanza kuwashinda Wajapani kwenye chuma hadharani, watu wote wakiona, na hapakuwa na gavana wa kukiamuru chuma kiwe chepesi kwa huyu na kizito kwa yule. Sokoni hata wauza samaki waliuliza, "Yonggun wetu vipi?" Yeye alikuwa kundi la kilo sitini. Ukizidi hata kidogo, unafutwa. Na kupima kulipangwa asubuhi inayofuata Chusok, sikukuu ya mavuno, siku ambayo hata maskini hulala ameshiba. Kwa hiyo Yonggun alianza kula kijiko kimoja kimoja, na baba yake alipouliza sababu, masikini ya Mungu, akamweleza yote.

Mzee Tak akafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Kumbe dawa ya kumtoa kwenye chuma ilikuwa rahisi hivyo!

Siku ya Chusok, mababu walipokwisha kutengewa chakula chao, familia ikakaa kula kilichobaki. Mzee Tak akamsogezea mwanawe sahani ya songpyon, vile vikate vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke.

"Kula."

"Nimetosheka, Baba."

"Babu yako amekuachia hizi kwa mkono wake. Unamkatalia babu?"

Nani anaweza kumkatalia babu, tena marehemu? Yonggun akala. Babu akaleta samaki. Bibi wa babu akaleta nyama. Mpaka mama yake akauliza, "Baba Yonggun, mtoto unamlisha au unamshindilia?"

"Si mimi. Ni mababu."

Asubuhi mzee akavaa kanzu yake nyeupe, akafuatana na mwanawe hadi Seoul, ili akishafutwa warudi wote na treni ya mchana.

Kwenye mizani alisimama Mjapani mmoja mwenye miwani, mtu wa adabu zake, asiyecheka wala kununa. Yonggun akapanda uchi kama alivyozaliwa. Amezidi! Mwalimu Pyo akamfunika blanketi akamkimbiza uani. Alikimbia, akaruka, akatema mate, akaenda chooni mara sijui ngapi. Akapanda tena. Amezidi bado, ila sasa kidogo tu, kiasi cha tonge la wali, na muda ulikuwa unaisha.

Mjapani akainua macho, akaona kilemba cha nywele. Akasema jambo. Mwalimu Pyo akatafsiri.

"Anasema, ukate msuko, utapita."

Yonggun akatazama sakafu.

"Haukatwi," akasema. "Ni wa baba. Nifuteni."

Akashuka, akaanza kutafuta nguo zake. Hakumlaumu baba yake, hata kumtazama hakumtazama, alihangaika tu na kifungo huku machozi yakimtiririka puani. Wanyanyuaji wa Kijapani kwenye benchi wakasemezana kitu, wakaangua kicheko. Mwalimu Pyo hakukitafsiri, na wala hapakuwa na haja.

Sasa Mzee Tak alikuwa amepata alichokitaka. Mbona basi hakufurahi? Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu wa miaka sitini atamani mtungi wa kujificha. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini mbishi ni mbishi. Akaivuta kofia yake, akasogea mbele.

"Mwambie huyu bwana, ng'ombe haelemewi na nunduye!"

Pyo akatafsiri. Mjapani akajibu taratibu, "Ng'ombe hajapanda mizani yangu."

"Basi mwambie nywele hizi si za huyu mtoto. Ni zangu, nilimpa mimi. Apime vyake, vyangu nitavishika mwenyewe!" Akamvua Yonggun nguo, akamrudisha kwenye mizani, akaufungua ule msuko, akaushika juu kwa mikono miwili kama mtu anayemnyanyua paka.

Hapo hata Mjapani akavua miwani akaifuta. "Na mifupa alimpa nani?"

"Mimi."

"Na nyama?"

"Mimi!"

"Basi mzee amshike mwanawe mzima, mimi nipime hewa."

Chumba kizima kilicheka, Wakorea kwa Wajapani. Mzee Tak akakosa pa kushika. Mjapani akatazama saa, akachukua mkasi, akanyoosha mkono kuelekea kisogo cha Yonggun.

"Ala! Toa mkono!" Mzee Tak akampokonya. "Changu sikatiwi na mtu. Yonggun, inama."

"Baba, usi..."

"Inama, mbishi wewe! Sijui umerithi kwa nani."

Mkasi ulikuwa butu, ikawa kazi ya kutafuna kuliko kukata. Mzee alilia waziwazi. Yonggun akapanda mizani. Akapita!

Mchana ule alinyanyua juu ya kichwa chuma ambacho Wajapani wawili walikuwa wamekiangusha mbele yake. Safari ya Tokyo ikawa yake, na ukumbi ukapasuka kwa kelele. Mpagazi mmoja asiyemjua mtu akamkumbatia Mzee Tak mpaka kofia ya singa ikabonyea, na mzee hakusema neno juu ya wapagazi.

Wakarudi Suwon jioni, soko zima likiwasindikiza. Mlangoni Mama Yonggun akatazama kisogo cheupe cha mwanawe, akatazama msuko mkononi mwa mumewe.

"Nani kakata?"

"Mimi," akasema Mzee Tak, kifua mbele. "Nywele ni zangu. Mwenyewe amekata."

"Zako?" Mama Yonggun akauchukua ule msuko. "Miaka yote hii, kila alfajiri, nimezichana mimi. Chawa nimetoa mimi. Mafuta nimepaka mimi. Alipokuwa na surua nilizifungua uzi kwa uzi. Wewe ulizichana lini, Baba Yonggun? Nitajie siku moja tu."

Mzee Tak akafungua mdomo. Akaufunga. Watu wa Suwon waliokuwepo wanaapa hawakupata kuona jambo kama lile, mzee yule hana jibu.

"Na hiki nacho," akasema mama, akikigusa kishungi cha mumewe kwa ncha ya kidole, "kesho uchane mwenyewe."

Kesho yake majirani walimwona uani, kitana mkononi, mikono juu ya kichwa, anahema. Kila alipoishusha apumzike, Mama Yonggun alimwambia kutoka jikoni, "Inua."